Maimuna, Hukumvuta Mtu Mguu

Maimuna, shoga yangu,

Nimekasirika. Nakuambia mapema ili usitarajie barua ya machozi. Machozi niliyamaliza siku za matanga, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa sebule yako pamoja na wanawake waliokuwa wakiniambia kwamba umepumzika. Hukupumzika. Ulikuwa ukitoka Magogoni kwa miguu hadi Mtopanga na kurudi kabla jua halijawa kali, na ulikuwa umemwahidi mjukuu wako kumfundisha kushona. Mtu wa namna hiyo hapumziki, hukatizwa njiani.

Wanaume walikupeleka makaburini, nasi tukabaki nyumbani kama ilivyo desturi yetu. Sikupata kukuambia neno la mwisho, na neno lenyewe lisingefaa kusemwa mbele ya watu. Leo nimekaa mezani, nimefunga mlango, na nitalisema.

Kwanza upokee habari. Watu wanasema unawavuta miguu.

Ilianza kwa Bi Saumu, jirani yetu anayekaanga viazi karai kila jioni karibu na stendi ya tuktuk. Usiku mmoja, yapata majuma mawili baada ya matanga, aliruka kitandani akipiga kelele. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejikaza likawa gumu kama jiwe, vidole vimepinda kuelekea chini, na maumivu yakampanda hadi gotini. Yalidumu dakika chache, kisha yakaondoka yenyewe. Kesho yake aliwahadithia wateja wake kwamba kuna mtu alimshika mguu chini ya shuka. Siku chache baadaye likampata mwenzetu wa pili, kisha wa tatu. Watu wakahesabu, wakaona kwamba wote ni wa kundi letu la kutembea. Basi likatoka neno, likazunguka mtaa mzima: Sista Maimuna alianguka akiwa amevaa viatu vya kutembelea, safari yake haikukamilika, na sasa anatafuta wa kufuatana naye.

Wewe, Maimuna. Wewe uliyekuwa nesi kwa zaidi ya miaka thelathini, uliyewapokea duniani watoto ambao leo ni baba za watu, uliyekuwa ukiwafokea wanaomfunga hirizi mtoto mwenye homa badala ya kumpeleka hospitali. Leo umefanywa zimwi la kuvizia chini ya shuka za wanawake wazima.

Wa nne nilikuwa mimi, lakini sikumwambia mtu. Mguu uliponikaza nilijua ni nini. Niliupitisha mtandio chini ya wayo, nikavuta vidole kuja upande wangu kama ulivyotufundisha, kisha nikasimama nikakanyaga sakafu kwa kisigino. Msuli ukalegea. Nikaketi ukingoni mwa kitanda nikakutukana kwa sauti. Mungu anisamehe, lakini sikuwa nakutukana kwa sababu ya mguu.

Sababu ya mguu niliijua. Ilikuwa mimi mwenyewe. Tuliporudi barabarani baada ya matanga, mimi ndiye niliyetangulia, na hasira yangu huingia miguuni. Badala ya kugeuka Mtopanga, niliwaburura wenzangu hadi Kiembeni, siku moja baada ya nyingine, katika joto la Kaskazi. Wewe ulikuwa ukituongeza masafa kidogo kidogo kama mtu anayetia chumvi mchuzini. Mimi niliyamwaga yote kwa siku moja. Saumu alikuwa akitembea hivyo alfajiri, kisha akasimama mbele ya karai kutoka alasiri hadi baada ya Isha, na champali mguuni. Mguu wake ungeacha vipi kukaza?

Maji nayo tuliyaacha. Wewe ulikuwa umezungumza na wenye duka lile la Mtopanga watufungulie choo chao, ndiyo maana tulikuwa tukinywa bila wasiwasi. Ulipoondoka niliona haya kuomba choo cha watu. Nikaacha kunywa njiani, na wenzangu wakafuata, maana mwanamke aliye barabarani asiye na pa kujisitiri huona afadhali kiu. Hilo daktari yeyote kijana hawezi kulijua, wewe ulilijua.

Na ule ukuta. Tangu mwanzo sikuupenda. Kila tuliporudi ulitusimamisha kwenye ukuta wa chuo cha Kurani, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kisinyanyuke, tuhesabu hadi thelathini, kisha tubadilishe. Wanawake watano wenye buibui wakiusukuma ukuta hadharani. Unakumbuka yule mwenye bodaboda aliyetuuliza kama ukuta umekwama kwenye matope aje atusaidie kuusukuma? Mimi nilitaka ardhi inimeze. Wewe ulimjibu, "Njoo mwanangu, wewe kugonga kuta umezoea," na wenzake wakamcheka hadi akawasha pikipiki akaondoka. Bila wewe sikuwa na ulimi wa kujibu watu namna hiyo, kwa hiyo niliupita ukuta kama siujui.

Haya yote ningeweza kuyasema siku ile ile neno lilipotoka. Ningesimama na kusema kwamba ni misuli iliyochoka na kukosa maji, wala si wewe. Sikusema. Ningesema, wangeniuliza: kama ni misuli tu, kwa nini yeye alianguka? Na jibu la swali hilo lilikuwa ndani ya kopo.

Siku ya kugawa nguo zako, Rukia binti yako aliniita nimsaidie kuchagua za kutoa sadaka. Nyuma ya leso zako tukakuta kopo la maziwa ya unga. Rukia alidhani ni vifungo. Lilikuwa limejaa vidonge vidogo vyeupe, vyote vya aina moja: kile cha presha kinachompeleka mtu msalani mara kwa mara, kile ulichokiita kidonge cha maji. Kila Ijumaa Rukia alikuwa akija kutoka Changamwe kukagua karatasi za dawa zako, akiziona zimetobolewa, akirudi kwake na amani. Wewe ulikuwa ukitoboa karatasi na kukitia kidonge koponi. Ni wagonjwa wangapi uliowakamata kwa hila hiyo hiyo ulipokuwa kazini? Uliwahi kunihadithia mmoja wao, ukasema alistahili bakora.

Rukia aliketi kitandani, kopo likiwa mapajani. Akaniambia kama anavyomwambia mama mdogo, "Khalati, naomba jambo hili liishie humu chumbani. Msitirini mama yangu."

Nikamwambia litaishia humu. Kwetu kumsitiri maiti ni wajibu. Anayemwosha haelezi alichokiona. Nilidhani na kopo lile ni sehemu ya mwili wako.

Lakini nilijua jambo ambalo Rukia hakulijua. Miezi michache kabla hujafa, tukiwa karibu kufika Mtopanga, ulibaki nyuma. Ukainama, ukashika shavu la mguu, ukasema, "Mwalimu, tangu nianzishiwe kidonge hiki cha maji, miguu inanikaza usiku, sipati usingizi." Nami bila kugeuka nikakujibu, "Inakukaza kwa uvivu. Nyanyua hatua."

Ulicheka. Wiki chache baadaye ulikuwa mbele yetu sote, na mimi nikajisifu. Niliwaambia wenzetu kwamba nimekuponya kwa ukali, kama nilivyozoea kuwaponya wanafunzi. Kumbe ulikuwa umeacha dawa ili uweze kutembea nami.

Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Nikielekeza kwako, inarudi. Wewe ulijua kwamba presha haiumi na haibishi hodi. Ulijua kwamba kidonge kikikusumbua unarudi kwa daktari unasema, "Hiki kimenisumbua." Ulitufundisha hivyo, sisi tusiojua kitu. Kwa nini hukurudi? Uliona haya kukaa kwenye benchi la wagonjwa katika kliniki uliyowahi kuiongoza? Au uliogopa kuambiwa usitembee? Nimejiuliza maswali haya tangu siku ya kopo, na kila mara naishia kwenye jibu langu mwenyewe, lile la uvivu, nililolitoa hata bila kugeuza shingo.

Ningekaa na hasira hiyo peke yangu hadi kufa kwangu, lau si Saumu.

Wiki moja kabla ya khitma ya arobaini nilipita kwenye karai lake. Alikuwa amefungwa uzi mweusi kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa amekwenda kwa mzee mmoja, sitamtaja na wewe humjui, akasomewa, akapewa kombe, maandishi yaliyooshwa kwa maji, alinywe, akaambiwa asipite tena njia uliyokuwa ukipita. Nilitaka kumkaripia, lakini aliniwahi. "Mwalimu," akasema, huku akigeuza viazi, "nshakiwata kile kidonge changu cha maji. Mzee kanambia dawa mbili hazikai mwili mmoja. Na wallahi maguu yamepoa." Tena alikuwa akilamba chumvi kila asubuhi, kwa kuwa alisikia kwamba anayetoka jasho hupungukiwa na chumvi. Nikamuuliza kichwa kikoje. Akasema kinamuuma kidogo, ni moshi wa mafuta.

Nikamwambia arudie kidonge leo hii, na akiona kinamsumbua amwone daktari. Akaniangalia kwa huruma, Maimuna, kwa huruma kabisa, akasema, "Kwani Sista hakuwa akimeza? Alimeza kila siku ya Mungu, na yuko wapi?"

Jibu nilikuwa nimelifungia chumbani kwako. Nilirudi nyumbani nikaelewa tulichokifanya mimi na Rukia. Tulitaka kuificha aibu moja ndogo, kwamba nesi aliacha dawa. Badala yake tukakuvisha mbili kubwa: kwamba umekuwa jini, na kwamba dawa haina faida. Na ile ya pili ilikuwa ikimuua Saumu mbele ya macho yangu, akigeuza viazi.

Nilikwenda Changamwe kumwomba Rukia ruhusa. Alinipokea vizuri, akaniamkia shikamoo, akaniletea chai. Nilipomweleza, akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama nataka watu wa Magogoni waseme kwamba mamake alisomea dawa miaka yote ile ili aje kujiangamiza kwa ujinga. Nikamwambia kwamba yuko mtu atakayekufa. Akasema aambiwe mtu huyo peke yake, kwa siri. Nikamweleza kwamba nimejaribu, hakuniamini, na hataniamini maadamu mtaa mzima unasema vingine. Rukia akalia. Kisha akasema neno ambalo bado liko masikioni mwangu: "Ukisema, Khalati, sitakuita tena khalati."

Nilisema.

Ilikuwa siku ya khitma, uani kwako, baada ya kisomo na kabla ya sinia za pilau kutolewa. Nilichagua wakati huo kwa makusudi, kwa sababu mwenye njaa haondoki. Nilisimama, nikawaambia kwamba Maimuna hamvuti mtu mguu. Nikawaambia kwamba miguu yetu imechoka na ina kiu, na aliyeichosha ni mimi. Nikawaambia kwamba umekufa kwa presha, kwamba presha ilipanda kwa sababu uliacha kidonge, kwamba ulikiacha kwa kuwa miguu ilikukaza usiku, na kwamba uliponilalamikia nilikuita mvivu. Kisha nikamgeukia Saumu nikamwambia, "Na wewe umekiacha kile kile."

Mtoto fulani aliuliza kama pilau liko tayari, akafinywa. Rukia alichukua buibui lake akatoka kwa mlango wa nyuma, na mimi sikumfuata. Saumu akasema, "Wewe Mwalimu, tangu ukifundisha hukujua kumsema mtu faraghani." Wanawake wengine wakacheka kwa aibu, na sinia zikatoka. Sikula.

Asubuhi yake Saumu alikuja mlangoni kwangu. Ameshika kadi yake ya kliniki. Akasema, "Twende kabla sijabadili nia." Hakuniamkia na sikumdai.

Huko kliniki, kijana aliyempima presha aliitazama mashine, akampima tena mkono wa pili, kisha akamwita daktari. Walimweka pale hadi alasiri. Uzi ulikuwa bado kifundoni, na daktari, mwanamke mpole kutoka bara, hakuucheka. Alimuuliza tu kinachomsumbua, na Saumu akamwambia kuhusu miguu. Sikiliza sasa alichofanya. Alisoma kadi, akaandika, akambadilishia kidonge. Akasema vidonge vya maji vinaweza kuwakaza baadhi ya watu misuli, na kwamba ziko dawa nyingine, mradi mtu aje aseme na asiache mwenyewe. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kupanga foleni ya maji ya mkokoteni.

Muda mfupi, Maimuna. Ungekaa kwenye lile benchi asubuhi moja tu.

Nilipotoka mle nilikuwa na hasira ya kuvunja vyombo. Nilirudi ndani nikamuuliza daktari yote niliyopaswa kukuuliza wewe ulipoinama njiani. Alinijibu kwa subira. Alisema kukaza huku kwa usiku huwapata zaidi watu wa umri wetu, na wajawazito, na wale wanaofanya mazoezi kupita walivyozoea au kusimama mchana kutwa, na kwamba mara nyingine sababu haionekani kabisa. Akasema tunyooshe mashavu ya miguu kabla ya kulala, tunywe maji mchana kutwa wala tusingoje kiu, tuvae viatu vinavyoshika kisigino, na shuka tusizibane sana chini ya godoro zikaja kukandamiza vidole. Chumvi akamkataza Saumu kabisa, maana mwenye presha akilamba chumvi anaitafutia presha ngazi. Akatuonya pia kwamba kukaza huja na kuondoka. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto, na maumivu yasiondoke, huo si mkazo wa kukandwa nyumbani, ni wa kukimbizwa hospitali siku ile ile. Niliandika kila neno. Mengi ulikwisha kutuambia, na mimi niliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Sasa tunatembea wanne, hadi Mtopanga tu. Nilikwenda mwenyewe kwa wenye duka nikaomba choo, na mama wa duka akaniuliza kwa nini nilichelewa hivyo kuja. Saumu ameukata uzi. Hakusema ni lini wala kwa nini, nami nimejifunza kutouliza kila kitu. Miguu bado humkaza mara moja moja, lakini hasemi tena kwamba ni wewe. Anasema ni karai.

Rukia hapokei simu zangu. Nimempigia mara tatu, kisha nikaacha, kwa sababu ana haki. Alinipa amana nikaivunja mbele ya watu waliokuja kula chakula chake. Nilimwandikia ujumbe mmoja kumweleza kwamba presha ya Bi Saumu imeshuka. Ameusoma. Hakujibu. Nitaendelea kumwombea na kumngoja. Akija kunitukana nitampa kiti.

Kwa kusema sikuombi radhi, Maimuna. Ningerudishwa uani siku ile ningesema tena, na kwa sauti zaidi. Radhi naiomba kwa ile asubuhi ya njiani. Na hasira yangu kwako bado iko, sitakudanganya, maana uliniona mtu wa kutembea naye hata kwa hatari, lakini hukuniona mtu wa kuambiwa ukweli mara ya pili. Huenda nilistahili hivyo.

Kwaheri, shoga yangu. Mungu akupanulie kaburi lako na akuandikie kila mtoto uliyempokea. Nami nakuachia ahadi moja, na nitaitimiza hata ikinishinda tabia: mwanamke yeyote akibaki nyuma na kuniambia kwamba mguu unamuuma, nitasimama. Nitageuka. Nitamwangalia usoni, nimuache amalize, ndipo nifungue mdomo.

Mwenzako wa njia,
Nafisa